Mwanangu, leo usiku loweka maharage

Mwanangu,

Jana uliponiambia wiki nzima hujapika, unakula chipsi na soda tu sababu ukirudi umechoka, sikulala vizuri. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ungesema "sawa mama" halafu basi.

Achana kwanza na yale mapishi ya kwenye video yenye vitu 15. Anza na maharage. Chambua kikombe kimoja, loweka ukienda kulala, asubuhi mwaga yale maji weka mapya, na yakianza kuchemka acha moto mkali dakika 10 ndo upunguze, hasa yale mekundu, yana sumu ambayo moto mdogo hauiondoi, ukiyala hayajaiva utatapika na kuharisha. Na nyanya usitie mapema jamani! Uchachu wake unayafanya yagome kuiva. Subiri mpaka ukiminya punje kwa vidole inapondeka yenyewe.

Sasa kuunga, hapa ndo penye utamu na ndo watu wanapofanya haraka. Kata kitunguu vidogo vidogo, mafuta vijiko viwili vinatosha, moto wa wastani. Kitaanza kwa kelele, halafu kelele inapungua, kinakuwa kama kioo, ile harufu ya kuwasha macho inageuka tamu. Usiondoke hapo. Pembeni zikianza rangi ya dhahabu tia kitunguu saumu, nusu dakika tu kisije kikaungua kikawa kichungu, ndo nyanya, kaanga mpaka uone mafuta yanajitenga pembeni, ndo umimine maharage yako. Ukifika hapo viungo vya pakiti vya nini, vingi vimejaa chumvi, na WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku nzima.

Mboga za majani nilikupikia vibaya miaka mingi na inaniuma. Nilikuwa nakata ndo naosha, nachemsha mpaka zinakuwa nyeusi halafu maji namwaga, kumbe vitamini C inaondoka na maji, na moto nao unaiua. We osha kwanza ndo ukate, maji kidogo sana, funika dakika chache, toa zikiwa bado kijani. Mafuta kidogo yawepo, bila mafuta mwili hauipati vizuri ile vitamini A ya kwenye mboga. Kamulia na limau juu, madini ya chuma ya maharage yanaingia mwilini vizuri zaidi, chai kunywa baadae kabisa maana inayazuia.

Siku unayopumzika pika maharage mengi, gawa kwenye vikopo weka friza. Siku umechoka unapasha kikopo kimoja, unachemsha yai, umekula.

Leo usiku ukishaloweka nitumie picha, nitakuwa macho.

Mama