Jedwali lenu la mapigo ya moyo limewasahau wanawake

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya toleo lililopita kuhusu afya ya moyo ilikuwa na jedwali pembeni: mtu mzima aliyetulia, mapigo 60 hadi 100 kwa dakika; anayefanya mazoezi, atoe umri wake kwenye 220 apate kiwango cha juu kabisa. Nimelisoma mara tatu nikitafuta neno homoni. Halimo, wala hapana mstari unaomtenga mwanamke na mwanamume, au anayepata hedhi na aliyekoma.

Nilipofika miaka 48 moyo ulianza kunienda mbio usiku. Nilikuwa nashtuka usingizini kifua kinadunda, shuka limelowa jasho. Daktari wa kwanza alinipima presha, akaniuliza kama nina matatizo nyumbani, akaniandikia dawa ya kutuliza wasiwasi. Hedhi yangu hakuiuliza, na wakati huo ilikuwa imeanza kuruka miezi. Karibu mwaka mzima ulipita ndipo muuguzi mmoja akaniuliza. Alihakikisha kwanza nimepimwa umeme wa moyo, damu na tezi ya shingo, na alifanya vyema, maana si kila moyo unaokwenda mbio ni wa homoni, na anayezimia au kuumwa kifua asisubiri hata siku moja. Majibu yalipotoka salama, alinikalisha akanieleza ambacho natamani ningekisoma kwenye gazeti.

Moyo una kundi la seli katika chumba cha juu cha kulia zinazoanzisha pigo zenyewe. Kwa kijana, zikiachwa bila neva yoyote, hupiga kama mara 100 kwa dakika. Tunakaa kwenye 70 kwa sababu neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo, inashika breki saa zote. Mwaka 1921 mwanasayansi Otto Loewi alionyesha kwa mioyo ya vyura kwamba breki hiyo ni kemikali: alichukua maji yaliyouzunguka moyo ambao vagasi yake ilichochewa, akayatia kwenye moyo mwingine, na huo nao ukapunguza mwendo. Upande wa pili ziko neva za mshtuko na mbio, zinazouharakisha.

Basi homoni za uzazi huingilia pande zote mbili. Estrojeni, homoni kuu ya kike, huitia nguvu vagasi na kuzituliza zile neva za mbio. Moyo wa mwanamke kwa kawaida ni mdogo, na mapigo yake huzidi ya mwanamume kidogo; lakini ukipima jinsi muda unavyobadilika kati ya pigo na pigo, ambao hubadilika zaidi vagasi ikishika vizuri, wanawake ambao bado wanapata hedhi huonyesha breki yenye nguvu zaidi. Projesteroni, homoni inayopanda baada ya yai kutoka, huvuta kinyume. Yai likishatoka, joto la mwili hupanda kidogo na mapigo ya mapumziko huongezeka, mara nyingi mawili au matatu kwa dakika, hadi hedhi ifike. Katika ujauzito huongezeka 10 hadi 20. Na miaka ya kuelekea ukomo wa hedhi estrojeni haishuki kwa utaratibu: leo iko juu, kesho imeporomoka, na breki hulegea nayo. Huko ndiko nilikokuwa mimi, nikimeza dawa ya wasiwasi.

Lipo jambo zito zaidi, ambalo halionekani kwa kuhesabu mapigo. Baada ya kila pigo misuli ya moyo huhitaji muda wa kurudisha umeme wake ili iwe tayari kwa pigo linalofuata. Utotoni muda huo ni karibu sawa kwa wasichana na wavulana. Balehe ikifika, testosteroni, homoni ya kiume, huufupisha kwa wavulana. Kwa wasichana hubaki mrefu. Dawa kadhaa huurefusha zaidi, zikiwemo baadhi ya antibiotiki, dawa za magonjwa ya akili, na hata dawa za kurekebisha mapigo yenyewe. Ukipita kiasi, moyo unaweza kuvurugika ghafla na mtu akafa. Kiasi cha theluthi mbili ya wanaopatwa na hali hiyo kwa sababu ya dawa ni wanawake. Wanaume nao wanahusika: anayetibiwa saratani ya tezi dume kwa kuzimwa testosteroni, muda huo humrefukia pia.

Yote haya yangeweza kujulikana mapema. Nchini Marekani, mwongozo wa mwaka 1977 uliwaondoa wanawake wenye uwezo wa kuzaa katika majaribio ya awali ya dawa, na haukubatilishwa hadi 1993. Mwaka 2001 wakaguzi wa serikali hiyo waliangalia dawa 10 zilizoondolewa sokoni tangu 1997: 8 kati yake zilikuwa na hatari kubwa zaidi kwa wanawake. Nikisoma takwimu hiyo huwa nawaza ni wangapi walioambiwa kwanza kuwa ni wasiwasi.

Hata ile hesabu ya 220 haitufai. Mwaka 2010 daktari wa moyo Martha Gulati na wenzake, waliopima zaidi ya wanawake 5,000 mjini Chicago, walitoa kanuni nyingine: 206 kutoa umri uliozidishwa kwa 0.88. Kwa mwanamke wa miaka 50 jedwali lenu linatoa 170. Kanuni hiyo inatoa 162. Anayeshindwa kufika 170 anaweza kudhani moyo wake umechoka, kumbe uko sawa.

Naomba mlichapishe upya jedwali hilo, safari hii likiwa na safu ya wanawake, na chini yake swali moja ambalo kila msomaji atamkumbusha daktari wake: hedhi yako iko vipi?

Msomaji wenu wa siku nyingi