Kioo cha Pikapu Kimekwama? Usikimbilie Kununua Mota

Juzi alitufikia hapa gereji Malindi mzee mmoja kutoka upande wa Gongoni na Hilux yake ya siku nyingi. Kioo cha abiria kilikuwa kimeshuka hadi chini na kugoma kupanda, amekiziba kwa kipande cha turubai. Kwenye kiti aliweka boksi. "Fundi, mota hii hapa, mpya. Nifungie tu niende zangu."

Nilimwomba robo saa kabla hajalifungua boksi. Tulipopima, mota yake ya zamani ilikuwa nzima kabisa. Kilichokufa ni swichi ya mlango wa dereva.

"Ya dereva? Na kioo kibovu ni cha huku?"

Swali hilo huulizwa kila wiki hapa, na lina haki ya kuulizwa. Mota ya kioo ina nyaya mbili tu. Moto, yaani umeme, ukiingia kwa waya huu na kutokea kwa ule, mota inazunguka kioo kikapanda, ukigeuza, kinashuka. Ukiachia kidole, nyaya zote mbili zinarudi kwenye athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi ya gari. Sasa, kwenye pikapu nyingi za zamani za Kijapani, athi ya kioo cha abiria hupita kwanza ndani ya swichi kubwa iliyo mlango wa dereva. Shaba za swichi hiyo zikishika kutu, umeme unaingia kwenye mota lakini hauna pa kutokea. Abiria atabonyeza swichi yake mpaka kidole kiumie. Funga mota mpya hata tatu, mambo ni yale yale.

Hapa Malindi adui ni chumvi. Upepo wa kusi unaileta kutoka baharini hata kwa gari lililolala uani, seuze lile linalokwenda kwenye mashamba ya chumvi au kupakia samaki Ngomeni. Gari lenyewe eisi (kiyoyozi) ilishakufa zamani, kwa hiyo madirisha yako wazi kutwa. Swichi ya dereva nayo imelala pale juu ya mlango, uso juu, inapokea vumbi, matone ya mvua na vidole vilivyotoka kushika barafu ya samaki. Tulipoifungua ya mzee tulikuta unga wa kijani kwenye shaba, mchanga kidogo, na gamba moja la samaki limenasa pembeni, linameta. Alicheka mpaka akakaa chini.

Swichi ya hivyo mara nyingi husafishika. Tunapitisha msasa laini kidogo tu, tunapuliza dawa ya kusafishia shaba za swichi, tunarudisha. Ukiamua kuifungua mwenyewe, ifungulie ndani ya trei au juu ya kitambaa cheupe, maana kuna vispringi na vipira vidogo vinavyoruka, na kimoja kikipotea umenunua swichi. Kama shaba imelika mpaka imetoboka, hapo hatukudanganyi: badilisha.

Kabla ya kuja kwetu, fanya uchunguzi wako mwenyewe, hauhitaji hata bisibisi. Kwanza hakikisha kitufe cha kufungia madirisha ya abiria hakijabonyezwa. Usicheke; tumeshapokea gari ambalo ugonjwa wake wote ulikuwa kitufe hicho. Kisha zima redio, washa taa ya ndani, bonyeza swichi na utege sikio mlangoni. Ukisikia mota inazunguka na kioo hakiendi, tatizo ni mashine ya dirisha: kebo imekatika au plastiki inayoshika kioo imevunjika. Ukiona taa ya ndani inafifia kidogo kila ukibonyeza, moto unafika lakini kuna kitu kimekaza, ama mota ama kioo chenyewe kwenye raba kinamopita. Kimya kabisa na taa haitikisiki, basi moto haufiki, au mota imekatika ndani. Kama ni madirisha yote, anzia kwenye fyuzi. Fyuzi ikiungua weka ya ampea zile zile zilizoandikwa. Wale wa kufunga waya wa shaba au karatasi ya sigara, tunaonana nao baadaye nyaya zikiwa zimeyeyuka.

Kuna jaribio moja zuri la kioo kinachokubali leo na kukataa kesho. Fungua mlango pole pole huku umebonyeza swichi. Kioo kikishtuka mlango ukifika mahali fulani, kuna waya umekatika ndani ya ile raba iliyo baina ya mlango na bodi, unapokunjwa kila ukifungua na kufunga. Katika gari la miaka ishirini waya huo umekunjwa mara nyingi kuliko unavyoweza kuhesabu. Huunganishwa kwa kulehemu na risasi na kuwekewa waya laini, si kwa kusokota na kuzungusha selotepu.

Hapo ndipo mita ya kupimia umeme huwadanganya mafundi wengi. Waya uliobaki na unyuzi mmoja bado utasoma volti 12, fundi akasema moto upo, mota imekufa. Sisi tunachomeka balbu ya indiketa, ya wati 21, badala ya mota. Ikiwaka vizuri, moto upo kweli. Ikiwaka wekundu wa makaa, unyuzi ule umeshindwa kubeba mzigo, na mota umeisingizia.

Kioo kinachopanda kwa kujivuta usikiache hivyo hivyo. Vumbi la njia ya Marafa hujaa kwenye raba, kioo kinabana, mota inachemka. Nyingi zina kinga ndani inayokata zikichemka na kurudi zikipoa, ndiyo maana watu husema "imejiponya." Haikujiponya, imepumzika. Safisha raba kwa kitambaa chenye maji, ikauke, kisha pulizia silikoni. Usipake grisi wala oili chafu. Inashika vumbi na kuilegeza raba.

Jambo moja nakuomba usijaribu nyumbani. Mashine za mikono ya kukunjana, zile zisizo na kebo, zina springi nene iliyovutwa. Ukiifungua mota kabla ya kuibana mikono ile kwa bolti, springi inafyatuka, na meno ya mashine hayatofautishi kidole na plastiki.

Tukifungua mlango, ile nailoni iliyo nyuma ya kava la ndani la mlango hatuitupi. Maji huingia ndani ya mlango kila mvua ikinyesha, ndivyo ulivyotengenezwa, na hutokea kwa matundu ya chini. Nailoni ikitolewa, maji hayo yanahamia kwenye zulia lako. Kwa hiyo tunaibandika upya, na matundu tunayazibua kwa waya.

Mzee wa Gongoni aliirudisha mota dukani, boksi halijaguswa, akarejeshewa pesa zake. Ingekuwa imefungwa tayari, asingesikilizwa. Kwetu alilipa kusafishiwa swichi tu. Kupima ni bure ukitengenezea hapa, na spea ya zamani tunakuonyesha kabla hujatoa shilingi.

Kioo kikikukwamia chini na mvua inakuja, mtu mmoja abonyeze swichi, mwingine akibane kioo kwa viganja viwili, ndani na nje, akivute juu taratibu. Kikifika, kibandike kwa selotepu na usiiguse swichi tena mpaka utufikie. Tunafungua saa mbili asubuhi. Ijumaa tunafunga kwa swala na kurudi saa nane na nusu.