Mwanangu, kabla hujaenda Rufiji

Assalamu alaykum mwanangu. Huku Kigombe hatujambo, baba yako mgongo tu. Dada yako kaniambia umepata kazi kwenye mradi wa mikoko delta ya Rufiji, nikafurahi mpaka nikampigia shangazi yako usiku ule ule, alafu nilipokata simu nikaanza kuwaza na hadi leo nawaza.

Sio mamba wala nini. Ni hasira zako. Siku ya Idi ulivyomjibu baba mdogo mbele ya watu, eti wavuvi ndo wajinga wameua bahari. Ya kuvua kwa baruti ulisema kweli, mlipuko mmoja unaua mpaka vifaranga vya samaki na matumbawe yakishavunjika yanachukua miaka mingi mno kurudi, ila baba mdogo hajashika baruti maisha yake na aliinuka akaacha pilau kwenye sahani. Na hujamuomba radhi mpaka leo.

Sasa kule utakuta watu wanafyeka mikoko walime mpunga, na mpunga huo ndo chakula na ndo daftari za watoto. Ukiwaendea na mdomo ule watakuitikia ndio afisa, ndio afisa, boti yako ikiondoka wanarudi na mapanga. Marufuku ya baruti si ilikuwepo miaka yote na mabomu tunayasikia hapa asubuhi? Kule kisiwa cha Misali, Pemba, wavuvi walikuwa hawasikii la serikali, masheikh wakakaa nao wakawasomesha kwamba bahari ni amana ya Mungu, na wako walioacha wenyewe. Mtu akiacha kwa moyo wake anaacha hata usiku asipoonwa. Surat Raad unaijua tangu madrasa, Mungu habadilishi yaliyo kwa watu mpaka wabadilishe yaliyomo nafsini mwao. Wewe unataka kubadilisha delta nzima na la nafsini mwako hujaligusa.

Alafu posho. Niliwaona wa semina hapa, wameshuka na gari wakapandisha watu vile vijiti vya mkoko kwenye mchanga mtupu, kisa picha inatoka vizuri, bamvua la kwanza, yale maji yakijaa sana, likaondoka navyo vyote. Waliopanda walikuwa wanajua pale mkoko haushiki, hakuna aliyewauliza, wakasaini wakanywa soda wakarudi makwao. Wewe uliza wazee kwanza, maji ya bamvua yanafika wapi, tope liko wapi. Akili unayo, ukoo mzima hamna aliyesoma kama wewe na najivunia mno, lakini hasira mwanangu, hasira. Mtu mkali haambiwi kitu.

Baba yako siku hizi kuni ya mkoko hataki kuiona jikoni, tunapika gesi. Nyie mlilelewa na kuni hizo hizo, basi tena.

Mbuzi yule mweusi kazaa. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2019 vikapu vyangu vya ukili vinatoka, nimekuwekea viwili, kimoja mpe mwenye nyumba wako. Chandarua beba kile kikubwa. Na kwa baba mdogo uende mwenyewe kwa miguu yako, usimtumie meseji. Ukifika Dar mpe dada yako dagaa niliowafunga, usije ukawasahau kwenye basi.

Mama yako