Kwa mnaowasilisha mada mara ya kwanza Jumamosi

Habari za jioni, ndugu zangu. Wawili wenu mmeniandikia kwamba hofu imewajaa. Naielewa, siku yangu ya kwanza mkono ulitetemeka mpaka nukta ya leza ikawa inacheza ukutani.

Fanyeni mazoezi mkiwa mmesimama, kwa sauti, simu ikihesabu dakika 15. Kusoma slaidi kimoyomoyo hakutoshi. Sentensi mbili za mwanzo zishikeni kwa kichwa, maana hapo ndipo koo hukauka. Programu mtakayoionesha irekodini video mapema, intaneti ikikatika msikwame.

Tunaanza saa 4 asubuhi, Kijitonyama, Dar es Salaam. Fikeni saa 3 tujaribu projekta; foleni ya Barabara ya Bagamoyo mnaijua. Nitakaa mstari wa mbele, mkibabaika nitazameni mimi. Kesho saa 2 usiku nani afanye mazoezi nami kwa simu?