Daktari mchekeshaji na ukuta ulio nyuma yake

Ndugu Mhariri,

Kila video ya daktari anayechekesha inaposambaa, huzuka ubishi uleule: koti jeupe limevunjiwa heshima au halijavunjiwa? Ubishi huo unatumalizia nguvu bure. Daktari kuchekesha si kosa. Yanayopaswa kuangaliwa ni nani anachekwa, nini kimebandikwa nyuma ya mchekeshaji, na sauti gani zimenaswa na simu yake.

Mtu wa kumtazama katika fani hii ni Will Flanary, daktari wa macho wa jimbo la Oregon, Marekani, anayejulikana mtandaoni kama Dr. Glaucomflecken. Wahusika wote anawaigiza mwenyewe. Daktari wa dharura amevaa kofia ya kuendeshea baiskeli. Wa mifupa anajua mifupa na sefazolini, dawa ya kuua bakteria, mengine waulizwe wengine. Wa macho ana karani, Jonathan, ambaye hasemi neno, kazi yake ni kuandika. Wanaochekwa hapo ni madaktari, tabia za idara zao, na kampuni za bima. Mgonjwa si shabaha.

Ukali wa video zake za bima haukutoka hewani. Flanary amepata saratani ya korodani mara mbili, na Mei 2020 moyo wake ulisimama akiwa usingizini. Mkewe Kristin, ambaye si mtu wa tiba, alimkandamiza kifua kwa takriban dakika 10 hadi waokoaji walipofika. Alipotoka hospitali yakaanza mabishano ya bili. Ndiyo maana habari ya kibali cha bima kabla ya tiba, au ya daktari asiyetambuliwa na bima yako ingawa hospitali inatambuliwa, anaifafanua kwa dakika moja na nusu na mtazamaji akaelewa.

Madaktari wetu, hasa watarajali, yaani waliomaliza chuo na wako kwenye mafunzo ya vitendo, wameupenda mtindo huu, na wana kila sababu. Raundi kuu, pale bingwa na madaktari wake wanapowapitia wagonjwa kitanda kwa kitanda, peke yake inatosha video za mwaka mzima: bingwa anauliza swali, wote wanaanza kupekua faili ambalo jibu halimo. Lakini wengi wanarekodi wodini, na hapo ndipo mambo yanapoharibika, kiusanii na kisheria kwa pamoja.

Nianze na usanii. Video ya mtu mmoja mwenye wahusika wawili huandikwa kwanza. Kwa Kiswahili, maneno 100 hadi 120 yanajaza dakika moja. Kila mhusika apewe kitu kimoja tu cha kumtambulisha, kwa mfano miwani, kofia au stethoskopu shingoni. Mmoja atazame kulia kwa kamera, mwingine kushoto. Ukisahau hilo, wote wawili wataonekana wanazungumza na mtu wa tatu asiyeonekana. Rekodi maneno yote ya mhusika wa kwanza, ndipo ubadilishe nguo. Kabla na baada ya kila sentensi acha sekunde moja ya kimya ili upate pa kukata, kisha wakati wa kuhariri kata karibu kabisa na silabi ya mwisho, kwa sababu mwanya wa nusu sekunde unatosha kuua kichekesho. Rekodi pia uso wa kila mhusika akisikiliza bila kusema kitu, sekunde tano au sita. Wanaoanza huliruka hili, halafu wanashangaa kwa nini video yao inafanana na usomaji wa risala. Jonathan anachekesha kwa sura peke yake.

Sauti nayo. Wodi yenye vigae na kuta tupu inarudisha mwangwi, na simu iliyowekwa mita mbili mbali inaunasa wote. Chumba cha kulala chenye pazia, godoro na nguo ukutani kinatoa sauti safi zaidi, simu ikiwa umbali wa mkono mmoja. Kwa hiyo hata asiyejali sheria ana sababu ya kurekodi nyumbani.

Sasa ukuta. Ubao wa wodi una majina na namba za vitanda. Picha ya eksirei kwenye kisanduku cha taa ina jina pembeni. Chupa ya sampuli ina lebo, skrini ya kompyuta iko wazi, faili limelala mezani. Simu za leo zina kamera kali: mtazamaji anasimamisha video, anakuza, anasoma. Wapo wanaofifisha ubao kwa programu na kusahau kwamba nyuma yao nesi ameita jina kamili la mgonjwa. Hata jina likiondolewa, ugonjwa usio wa kawaida, ukitajwa pamoja na wilaya na siku ya kulazwa, unawatosha ndugu na majirani kumjua mwenyewe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na zote mbili zinaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Utetezi wa kwamba mgonjwa alikubali ni dhaifu. Mtu aliyelala kitandani akisubiri umtundikie dripu atakukataliaje?

Kuna kosa jingine ambalo silisikii likisemwa. Tukio la kufufua moyo linapendwa sana kwenye vichekesho, na karibu kila mara linaonyeshwa vibaya, kwa kuwa huwezi kumkandamiza kweli mwenzako mzima; mbavu zake zitalipa. Mwigizaji anakunja viwiko, anagusagusa kifua polepole, na mtazamaji anaondoka na picha hiyo kichwani. Inavyotakiwa ni mikono iliyonyooka, viganja katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kifua kiachwe kirudi juu kila baada ya kukandamizwa. Tumia mwanasesere wa mafunzo, au mto mgumu uliowekwa sakafuni. Ukikosa vyote, kata picha kabla mikono haijagusa kifua na uache maneno yamalizie. Aliyemwokoa Flanary si daktari, kwa hiyo usahihi huu una maana kwa watu wengi kuliko wanaosoma udaktari.

Dawa nazo zitajwe kwa uangalifu. Sefazolini ni ya sindano, hutolewa hospitalini, na hakuna atakayeitafuta kwa sababu ya mzaha. Ukitania kwa vidonge vinavyouzwa kwenye kila duka la dawa na ukataja dozi, kuna atakayeinukuu. Chini ya video utakuta maswali: mwanangu ana homa, nimpe ngapi? Jibu la hadharani liwe moja, aende kituo cha afya, bila kuuliza umri, uzito wala dalili, maana ukishauliza umefungua kliniki mbele ya umma. Picha za vipele zinazotumwa kwenye sehemu ya maoni zifutwe siku hiyohiyo, hata kama aliyezituma ndiye mgonjwa mwenyewe.

Wako,
Msomaji, Morogoro