Kaka, jina la Toyota peke yake halitoshi

Columbus, Ohio

Kaka, shikamoo.

Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo inatukomesha. Wifi na watoto wasalimie sana. Mama kaniambia bado unashangaa: binti wa nyumba iliyopanda Toyota tangu enzi za baba, kafika Marekani anaendesha Subaru! Basi nikueleze, maana nasikia nawe unapiga hesabu ya hizo hizo mbili, RAV4 ya Toyota na Forester ya Subaru.

Bei zilikaribiana, nafasi ya watoto ni ile ile. Kilichoamua ni ukuta. Huku kuna taasisi inaitwa IIHS, inagharamiwa na kampuni za bima, na kule Virginia kazi yake ni kugongesha magari makusudi. Wenye bima ndio wanaolipa watu wakiumia, kwa hiyo hawana haja ya kumpamba mtengenezaji yeyote. Mwaka 2012 walianza jaribio jipya: gari linakwenda kilomita 64 kwa saa, linagonga kizuizi kwa robo tu ya upana wake, upande wa dereva. Ajali hiyo unaijua, ndiyo ile ya barabara ya Segera huko Tanga: basi limehama upande wake, mwenye gari dogo kajaribu kulikwepa, kona zikakutana. Hapo vile vyuma vikuu viwili vya mbele havipokei pigo. Tairi inasukumwa nyuma hadi miguuni mwa dereva, na usukani unaweza kuhama ubavuni, kichwa kikaikosa eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka kukukinga.

Forester ya toleo la 2014 ilipata daraja la kwanza. RAV4 ya 2013, iliyokuwa na umbo jipya kabisa, ilipata la nne, ambalo ndilo la mwisho. Tulipotazama video zile mimi na shemeji yako, habari ya "Toyota inauzika upesi" hakuirudia tena.

Toyota nao wakairekebisha, na ya 2015 ikapata daraja la kwanza. Sasa sikia kituko. Mwaka 2016 taasisi ikagongesha upande wa abiria. RAV4 hiyo hiyo ya 2015 ikabonyea ndani kwa sentimita 33 zaidi ya ilivyobonyea upande wa dereva. Kumbe waliimarisha upande unaopimwa tu! Anayekaa upande wa pili ni mke wa mtu, au mama mkwe. Forester nayo haikutoka safi, ilipata daraja la tatu, kwa hivyo usidhani naipigia debe.

Ndiyo maana ukiniuliza "RAV4 au Forester", nami nakuuliza ya mwaka gani, na ya soko gani. RAV4 niliyokutajia haikuuzwa Japani. Kule waliendelea na umbo la 2005 hadi 2016, na hilo ndilo utakaloletewa kutoka huko ukiagiza ya miaka hiyo. Forester ya Japani nayo inaweza kuwa na eabegi chache kuliko ya hapa, hivyo mwambie fundi atafute maandishi ya SRS AIRBAG ubavuni mwa viti na kwenye nguzo za milango. Akifungua swichi, taa ya eabegi iwake kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu kaichezea.

La mwisho linanitia hofu zaidi. Huku Forester za 2009 hadi 2013 ziliitwa zirudishwe kwa sababu ya eabegi za kampuni ya Kijapani ya Takata, na RAV4 za 2004 na 2005 vilevile. Kemikali inayozijaza huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, halafu siku ya ajali chombo chake hupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni. Joto na unyevu, kaka, ndiyo Tanga hiyo. Nitumie namba ya chesisi kabla hujalipa hata shilingi, niiangalie kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Mama mwambie dawa za presha nimempa mgeni anayesafiri wiki ijayo.

Ni mimi mdogo wako.