Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mvua, Mifugo na Viota vya Kucharefu Kinangop

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atawasomea mweka hazina. Mimi nitazungumzia viota vya kucharefu, ndege wetu wa nyasini.

Kucharefu wa Sharpe (Macronyx sharpei) hapatikani popote nje ya nyanda za juu za Kenya. Yumo katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka, na uwanda wa Kinangop, huku Nyandarua, ni mojawapo ya ngome zake kuu. Kwa kuwa karibu ardhi yote hapa ni mashamba ya watu binafsi, usalama wa makinda uko mikononi mwa mwenye ng'ombe.

Jike hutaga mayai mawili au matatu, ndani ya fungu la nyasi ngumu, karibu kabisa na ardhi. Hutaga hasa masika yakishaotesha majani mapya na kuleta panzi na mende. Mvua ikichelewa, hatari huwa mbili kwa pamoja: wadudu ni haba, na mifugo yenye njaa huguguna nyasi zote zilizo kati ya mafungu. Fungu lililobaki peke yake kwenye uwanja mtupu halifichi kitu, na kunguru na nguchiro hulifikia kwanza. Mvua ikizidi, udongo wetu wa mfinyanzi haunywi maji upesi, na viota vya mabondeni hujaa. Hata palipoinuka, makinda wasio na manyoya hawastahimili baridi. Mama hulazimika kuwafunika badala ya kutafuta chakula, na panzi nao siku hizo hawaonekani.

Wapo wanaosema dawa ni kuondoa mifugo yote. Kamati haikubaliani nao. Kucharefu hutafuta chakula akitembea. Nyasi zikirefuka na kufungana, huhama. Anachohitaji ni nyasi fupi zenye mafungu yaliyosimama, na hayo hupatikana kwa malisho ya kiasi.

Tatizo kubwa ni mahali mifugo inapokusanyika. Ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi kwa kamba ya mita 8 huzunguka eneo la mita za mraba 200 hivi, na kufikia jioni hakuna sehemu ya duara hilo ambayo haijakanyagwa. Kabla ya kupigilia kigingi, kagua mafungu kwa macho ukiwa umesimama mbali kidogo. Ndege akiruka karibu na miguu yako, au ukimwona na mdudu mdomoni, hamisha kigingi na usitafute kiota. Njia unayoifungua kwenye nyasi ndiyo nguchiro atakayoifuata. Chumvi, hori la maji na lango la kuingilia viwekwe mbali na mafungu.

Kwa jamaa za ndege huyu, kuatamia huchukua wiki mbili hivi, na makinda hukaa kiotani karibu muda kama huo. Ndiyo sababu tunapendekeza kila mwenye shamba la malisho apumzishe kipande kimoja chenye mafungu, palipoinuka, kwa wiki tano mfululizo kuanzia nyasi zinapochipua, kisha arudishe kondoo kwanza, ng'ombe baadaye.

Kung'oa mafungu kwa jembe, eti kwa sababu ng'ombe hawayali, ndiko kunakotuumiza kuliko mvua zote. Nyasi laini zitaota mahali pake, lakini kiota hakitakuwa na pa kukaa. Anayetaka kupanua malisho aache walau ukanda wa mafungu kandokando ya ua, na amwarifu katibu kabla ya masika ili ukanda huo uingizwe kwenye ramani ya kuhesabia ndege.